Unafikiria kuingia kwenye kamati ya klabu ya akwariamu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uchaguzi wa kamati ukikaribia watu wananivuta pembeni baada ya kikao na kuniuliza maswali yaleyale, wengine kwa sauti ya chini kama vile ni siri, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Nimekaa ukatibu vipindi viwili na uenyekiti kimoja, ninachoandika hapa ni kazi niliyoishika mwenyewe na nitasema mazuri na magumu yake bila kuficha, maana mtu anayeingia huku akijua anachokiingia ndo anadumu.

Nina tangi moja tu la lita 60 na ndani kuna gupi, kweli naweza kugombea?

Unaweza, tena karibu sana. Watu wanadhani uongozi wa klabu ni zawadi ya yule mwenye samaki wa gharama au mwenye chumba kizima cha matangi, sivyo. Ukiziangalia kazi zenyewe nyingi hazigusi samaki kabisa: nani ana ufunguo wa ukumbi, nani amelipa ada, yule mgeni aliyekuja mwezi jana amepigiwa simu au amesahaulika. Mweka hazina mzuri kuliko wote niliofanya nao kazi alikuwa na tangi dogo moja na samaki wanane, ila daftari lake mtu yeyote akilifungua ndani ya dakika tano anajua hela imetoka wapi na imekwenda wapi. Na wale wenye matangi 30 mara nyingi ndo hawana nafasi, wikiendi yao yote inaishia kwenye kubadilisha maji.

Tunamtafuta mtu ambaye akisema atafanya kitu Jumanne basi Jumanne kimefanyika. Mengine atafundishwa.

Kwani klabu ya samaki ina umuhimu gani mpaka nitoe jioni zangu?

Swali hili nalipenda, naomba uvumilie jibu refu.

Watu wengi wanaingia kwenye ufugaji huu peke yao. Mtu ananunua tangi, anajaza maji, siku hiyohiyo anaweka samaki kumi, wiki ya pili samaki wanaanza kufa mmojammoja na yeye anadhani ana mkosi, kumbe hamna aliyemwambia kwamba tangi jipya linataka kama wiki 4 mpaka 6 ili bakteria waote kwenye filta na kwenye mchanga, kuna wanaobadilisha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, kuwa nitriti na kuna wanaobadilisha nitriti kuwa nitrati ambayo makali yake ni madogo. Huyu mtu akikutana na klabu mwezi wa kwanza anakaa kwenye ufugaji miaka na miaka, asipokutana nayo tangi linageuka kuwa kabati la vitu. Nimeyaona yote mawili, tena zaidi ya mara moja.

Alafu kuna jambo zito zaidi. Zipo spishi za samaki ambazo ziko hai leo kwa sababu tu watu wa kawaida walikuwa nazo nyumbani. Zoogoneticus tequila ni kasamaki kadogo ka Mexico, alipotea kabisa kwenye mto wake wa Teuchitlán, ila alikuwa bado anafugwa Ulaya, na mwaka 1998 jozi 5 kutoka bustani ya wanyama ya Chester, Uingereza, zilipelekwa kwenye chuo kikuu kimoja huko Michoacán, zikazalishwa taratibu kwa miaka, mwishowe samaki zaidi ya 1,500 wakarudishwa mtoni. Jozi tano tu! Na furu wa Ziwa Victoria tunawajua, baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950 spishi nyingi sana za furu zilipungua au zikatoweka, na baadhi yao leo wanatunzwa kwenye matangi mbali kabisa na ziwa. Upo hata mpango unaoitwa CARES ambao kazi yake ni kuwahimiza wafugaji na klabu wazishike na kuzizalisha spishi zilizo hatarini.

Sasa fikiria, kutunza spishi kwa miaka 20 mtu mmoja hawezi. Akihama, akiugua, umeme ukikatika siku mbili, imekwisha. Lazima kuwe na mwenzake upande mwingine mwenye samaki wa ukoo uleule, na lazima kuwe na mtu anayejua nani ana nini, na huyo mtu ni yule aliyekubali kushika orodha ya klabu. Orodha tu. Ndo maana mimi mtu akiniambia kazi ya ukatibu ni ya karani nasikitika sana.

Nafasi zenyewe ni zipi?

Inategemea katiba ya klabu yako, isome kabla hujagombea, manake nyingine zinataka mtu awe amekaa mwaka mzima kwenye uanachama kwanza, na nyingine zina ukomo wa vipindi.

Mwenyekiti anaendesha kikao na kuhakikisha maamuzi yanafikiwa na yanatekelezwa. Mweka hazina nitamzungumzia chini kwa urefu. Katibu anaandika muhtasari wa kikao, anatunza orodha ya wanachama, anajibu barua, na kwa maoni yangu huyu ndo uti wa mgongo, klabu inaweza kwenda miezi sita na mwenyekiti mlegevu lakini bila katibu miezi miwili tu watu hawajui kikao kiko lini. Baada ya hapo kuna anayetafuta wazungumzaji wa kila mwezi, anayesimamia mnada, anayeshika programu ya ufugaji wa pointi (nitaieleza chini), anayepokea wageni, na kwenye klabu kubwa kuna mhariri wa jarida na mtunza vifaa. Klabu ndogo ya watu 15 inaweza kuendeshwa na watu wanne wakigawana hizo kofia zote, haina shida, shida ni pale watu wanne wanapokuwa mtu mmoja.

Inakula muda kiasi gani?

Ukatibu ulinichukua saa mbili hivi kwa wiki, wiki ya kikao zikawa nne au tano. Uenyekiti ulikuwa mchache wa saa lakini mwingi wa kichwa, yani unaoga unawaza. Mratibu wa mnada hana kazi kubwa miezi mingi halafu wiki tatu kabla ya mnada halali vizuri, kwa hiyo kama kazini kwako kuna msimu wa pilika angalia kalenda kabla hujasema ndiyo. Mpokea wageni ni dakika 30 kabla ya kikao na simu mbili tatu baadaye, hii ndo ninayompendekezea mtu anayetaka kuonja kwanza.

Na sema mapema muda ulionao. Mtu akiniambia "nina saa moja kwa wiki, haizidi" namheshimu, ntampangia kazi ya saa moja na itafanyika.

Mwenyekiti si lazima ajue kila kitu cha samaki?

Hapana. Ajue nani anajua. Kwenye klabu yoyote kuna mtu wa mimea, kuna mtu wa siklidi (jamii ya samaki ambayo hata furu wamo), kuna mtu wa maji chumvi, kuna yule mzee wa kambare ambaye haongei sana lakini amezalisha kila kitu, na kazi ya mwenyekiti ni kumpa huyu mzee nafasi ya kusikika kabla yule mwenye sauti kubwa hajamaliza muda wote. Mwanachama akikuuliza swali na hujui jibu mwambie sijui, ngoja nikupeleke kwa flani. Jibu la kubahatisha kuhusu dawa au chumvi linaua samaki wa mtu, na linaua imani pia.

Naogopa upande wa hela, mweka hazina anafanya nini hasa?

Kuogopa ni vizuri, hela ya klabu ni ndogo lakini ndo inayovunja urafiki haraka kuliko kitu chochote. Kazi ya kila siku ni rahisi: unapokea ada na mapato ya mnada, unaandika siku hiyohiyo, unatoa risiti hata kwa rafiki yako wa karibu, unalipa ukumbi, unaleta taarifa fupi ya mapato na matumizi kila kikao. Siku hiyohiyo nasisitiza, maana hela ya mnada ikilala nyumbani bila kuandikwa kesho yake hukumbuki kama yule aliyechukua mfuko wa samaki namba 40 alilipa au aliahidi.

Mambo ambayo nisingekubali nafasi bila hayo: akaunti iwe kwa jina la klabu na siyo la mtu, pasiwe na kutoa hela bila watu wawili kuidhinisha, na mara moja kwa mwaka mwanachama asiye kwenye kamati apitie vitabu. Watu wengine wanaona ukidai hivi huwaamini, waeleze kwamba huu utaratibu unamlinda mweka hazina mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote, siku maneno yakianza anafungua daftari na maneno yanaisha. Nimewahi kukaa kwenye kamati ambayo haikuwa na huo utaratibu, hela haikuibiwa, hakuna aliyeiba hata senti, lakini hapakuwa na karatasi ya kuthibitisha, na mtu mwema kabisa akaondoka kwenye klabu na kwenye ufugaji kwa sababu ya minong'ono. Mpaka leo linaniuma.

Usikopeshe hela ya klabu. Usinunue vifaa vya klabu kutoka kwenye biashara yako bila kusema wazi kikaoni na kikao kikubali kwenye muhtasari.

Mnada una kazi gani? Naona kama watu wanauziana samaki tu

Aisee. Kwenye klabu nyingi mnada ndo unalipa ukumbi wa mwaka mzima na ndo siku wageni wengi wanatuona kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ukiwa mratibu una klabu nzima mabegani kwa siku moja.

Anza na hesabu ya muda. Mnadishaji mwepesi anauza mfuko mmoja kwa dakika moja hivi, sasa ukipokea mifuko 300 hizo ni saa tano za kukaa kwenye viti, na samaki wa mfuko wa mwisho wamekaa humo tangu asubuhi. Weka kikomo cha mifuko kwa kila muuzaji na ukishikilie, hata kwa mfugaji mkubwa, hasa kwa mfugaji mkubwa, maana wadogo wanaangalia kama sheria ina macho ya mtu.

Kisha mifuko yenyewe. Maji theluthi moja, hewa theluthi mbili, watu wapya wote wanafanya kinyume, wanajaza maji mpaka juu wakidhani wanamsaidia samaki kumbe anachohitaji ni hewa. Mfuko ndani ya mfuko, na pembe za chini zizungushiwe mpira au mkanda ili vifaranga visibanwe kwenye kona. Samaki wasipewe chakula kama saa 24 kabla ili wasiyachafue maji ya mfuko. Kambare wenye miiba wanatoboa plastiki, hao waje kwenye vyombo vigumu, na wale kambare wadogo wanaoitwa corydoras wakishtuka wanaweza kutoa sumu inayowaua wenyewe humo mfukoni, kwa hiyo mfugaji awatoe kwenye tangi, awaache kwenye ndoo kwa muda, kisha awafunge kwa maji mapya ya tangi. Lebo iwe na jina la kisayansi kama linajulikana, idadi, jinsia kama inajulikana, namba ya muuzaji. Lebo iandikwe kwa kalamu isiyofutika, wino wa kawaida ukilowa unapata mifuko 20 isiyo na mwenyewe na jioni nzima inaharibika.

Mgao uandikwe kabla, kwa mfano asilimia 70 ya muuzaji na 30 ya klabu, au vyovyote mtakavyokubaliana, ila uwe umeandikwa na kubandikwa mlangoni.

Na weka mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kukagua samaki mlangoni tu, haoshi vyombo, hauzi chai. Samaki mwenye madoa meupe kama chumvi, mapezi yaliyokunjamana, tumbo lililozama ndani, anayepumua kwa haraka juu ya maji, huyo haingii. Mpe huyo mkaguzi nguvu ya kusema hapana na wewe mratibu usimpindue mbele za watu. Mfuko mmoja wenye ugonjwa ukiingia unakwenda kwenye nyumba kumi usiku huohuo. Ndo maana pia tunawakumbusha wanunuzi waweke samaki wapya kwenye tangi la peke yake wiki 2 mpaka 4, na nyavu za klabu zisizunguke kutoka ndoo hadi ndoo bila kuoshwa na kukaushwa. Mwenye kidonda mkononi avae glavu, kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum anaingia kwa kidonda kutoka kwenye maji ya samaki na uvimbe wake unakaa miezi.

Programu ya ufugaji wa pointi inasimamiwaje?

Hii ni ile ambayo mwanachama akizalisha samaki anapata pointi, spishi rahisi pointi chache, ngumu pointi nyingi. Klabu nyingi zinataka vifaranga viwe vimefikisha siku 60, nyingine 30, na vichache viletwe mnadani ili klabu ifaidike na wengine wapate. Msimamizi anapokea fomu, anathibitisha, anajumlisha. Kazi tamu sana kama unapenda kusikia mtu akisimulia usiku aliokaa na tochi akiangalia mayai.

Ugumu wake ni mmoja, uthibitisho. Kama ni lazima wewe mwenyewe uende kuona basi utazunguka kila wikiendi, afadhali mkubaliane picha za tarehe tofauti na shahidi mmoja mwanachama. Na usithibitishe samaki wako mwenyewe, mwombe mjumbe mwingine, hata kama kila mtu anajua ni kweli.

Watu wakigombana kwenye kikao au kwenye grupu la WhatsApp nafanyaje?

Watagombana. Ugomvi wa klabu za samaki una mada zake za kudumu: chotara, samaki waliotiwa rangi, nani aliiba zamu ya kuongea, na nani alisema tangi la nani ni dogo mno.

Chukua hili la chotara. Kuna mtu anafuga siklidi kwa kufuata mpaka sehemu ya ziwa walikotoka mababu wa samaki wake, ameshika ukoo huo miaka 15, na kuna mtu mwingine amechanganya spishi mbili tangi moja, wamezaana, watoto wamependeza, anataka kuwauza. Wote wawili wanapenda samaki kwa dhati. Ukiwa kiongozi ukaanza kutoa hukumu kwa hisia zako utawapoteza wote, fungua sheria ya mnada: inasema chotara aandikwe chotara kwenye lebo? Basi aandikwe, asiyetaka kununua asinunue. Haisemi kitu? Basi kwa leo mnunuzi aambiwe ukweli, na kikao kijacho sheria iandikwe. Mtu kumpinga mtu inakaa moyoni miaka, karatasi ikimpinga anakunja sura halafu anazoea.

Kwenye grupu la simu usijibizane. Mpigie kila mmoja peke yake, sikiliza mpaka amalize, mara nyingi utakuta kinachouma sio hicho kilichoandikwa, ni kitu cha miezi mitatu iliyopita, alileta mada ikarukwa au jina lake lilisahaulika kwenye shukrani. Mambo haya yanaonekana madogo kwa aliye nje.

Mwanachama au mgeni anataka kuwaachia samaki mtoni kwa sababu amewachoka, hilo linaihusu kamati?

Linaihusu kuliko karibu kila kitu kingine. Sumu, magonjwa, mashindano ya chakula, samaki mmoja aliyemwagwa kwa huruma anaweza kuleta madhara ambayo hayarudi nyuma. Pterois volitans, yule samaki mwenye mistari na miiba yenye sumu, asili yake siyo Bahari ya Atlantiki, ila alionekana pwani ya Florida mwaka 1985 na leo ametapakaa Karibi nzima. Mwani wa Caulerpa taxifolia, nao mgeni huko, ulionekana kwenye bahari ya Mediterania mwaka 1984, chini kabisa ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Magugu maji yametoka Amazon na yalisambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri, watu waliyaweka kwenye mabwawa ya bustani.

Kwa hiyo klabu isiishie kusema usimwage. Mtu amechoka, anahama, samaki amekua amejaa tangi, mpe njia. Kamati iwe na mjumbe mmoja anayepokea samaki waliokataliwa, awe na orodha ya wanachama wenye nafasi na matangi makubwa, na amjibu huyo mtu siku hiyohiyo bila kumsimanga. Ukimsimanga mmoja, kumi wanaofuata hawatakupigia, wataenda mtoni usiku. Nafasi hii haina cheo kikubwa lakini kama ningeambiwa nichague moja tu ya kujaza kwenye klabu, nafikiri ningeijaza hii.

Naona aibu kuongea mbele za watu

Nafasi nyingi hazihitaji kuongea mbele za watu. Ukipenda kujifunza, anza kwa kusoma matangazo matatu mwanzoni mwa kikao, yakiwa yameandikwa.

Naruhusiwa kuuza samaki wangu nikiwa kiongozi?

Ndiyo, wewe bado ni mfugaji. Usijipangie mifuko yako iuzwe mapema wakati watu wana hela, usitumie orodha ya namba za wanachama kutangaza biashara yako, na mkipigia kura jambo linalogusa mfuko wako toka nje kwa hizo dakika. Orodha ya wanachama hasa, watu walitoa namba zao kwa ajili ya klabu, hazitoki nje ya kamati.

Watoto na vijana wanaokuja vikaoni?

Wapokeeni kwa mikono miwili. Waje na mzazi au mlezi, asiwepo mtu mzima wa klabu peke yake na mtoto kwenye ziara za majumbani, na hii iandikwe isiachwe kwenye busara ya mtu. Matangi ya maonyesho pia yaangaliwe: lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake, hujaweka kioo, mawe na mchanga, meza ya kukunja haibebi hiyo. Waya wa filta na hita ushuke chini ya soketi kwanza ndo upande juu, ili tone la maji lidondoke sakafuni na lisifuate waya mpaka kwenye umeme.

Nikishindwa katikati ya kipindi je?

Sema. Mapema, kwa maandishi, kwa mwenyekiti au katibu. Watu wanapatwa na mambo, uzazi, kazi mpya, msiba, hakuna mwenye akili atakayekulaumu. Kinachoumiza klabu ni ukimya, mtu hajajiuzulu na hafanyi kazi, na wenzake wanaona haya kuichukua kwa sababu jina lake bado lipo pale, miezi inapita, mzungumzaji hakualikwa, ukumbi haukulipiwa.

Ukiona umeanza kuchukia siku ya kikao, ukiona hata maji ya tangi lako mwenyewe hujabadilisha wiki tatu kwa sababu ya shughuli za klabu, hiyo ni dalili, gawa kazi moja kabla hujaziacha zote.

Nasikia makabidhiano ndo shida kubwa, ni kweli?

Ni kweli kabisa, na nitasimulia. Nilipoingia ukatibu aliyenitangulia alikuwa mtu mchapakazi mno, alifanya kila kitu mwenyewe kwa miaka mingi, orodha ya wanachama ilikuwa kwenye simu yake, nywila ya barua pepe ya klabu ilikuwa kichwani, makubaliano na mwenye ukumbi yalikuwa ya mdomo. Akahama kwa haraka kwa sababu za familia, simu ikaharibika njiani. Tulipoteza majina ya karibu nusu ya wanachama, wengine tuliwapata baada ya mwaka, wengine hatukuwapata tena, na mmoja wao alikuwa ndo mtu pekee kati yetu aliyekuwa na spishi fulani ya killi, aina ya samaki wadogo, aliyoizalisha kwa vizazi. Hatujui samaki wale waliishia wapi. Simlaumu yule katibu hata kidogo, alitupa miaka yake, tuliokosea ni sisi tuliomwachia abebe vyote.

Tangu hapo nina msimamo, kila nafasi iwe na daftari. Kurasa mbili tatu zinatosha: kazi za kila mwezi, nani wa kumpigia kwa jambo gani, vitu vya klabu viko kwa nani, tarehe za malipo, nywila zimehifadhiwa wapi na watu wawili gani wanazijua. Na kila mwenye nafasi awe na msaidizi anayekaa naye angalau miezi mitatu ya mwisho, aone mnada mmoja kutoka ndani, alipe ukumbi mara moja kwa mkono wake.

Nagombeaje sasa?

Mwambie katibu kabla ya tarehe ya mwisho ya majina, tafuta wanachama wawili wa kukupendekeza na kukuunga mkono kama katiba inataka, na andaa maneno ya dakika mbili: jina lako, unafuga nini, nafasi gani unataka, saa ngapi kwa wiki unazo. Usitoe ahadi ya kubadilisha klabu yote. Siku ya uchaguzi angalia kama akidi imetimia kabla ya kura, uchaguzi bila akidi unaleta maneno mwaka mzima. Ukishinda bila mpinzani usijisikie vibaya, kwenye klabu za kujitolea ni kawaida, na omba kura ipigwe hata hivyo.

Nikichaguliwa wiki ya kwanza nifanye nini?

Kaa na aliyekutangulia saa mbili na umsikilize, usianze kumweleza mawazo yako mapya. Chukua daftari lake, kama hana liandike wewe akiwa anaongea. Soma mihutasari ya mwaka mzima uliopita, humo utakuta mambo matano yaliyoamuliwa na hayakufanyika, chagua moja dogo, labda ni ule mzani uliovunjika au barua ya shukrani kwa mwenye ukumbi, ulimalize kabla ya kikao kijacho. Kisha fungua orodha ya wanachama, tafuta watatu ambao hawajaonekana miezi sita, uwapigie simu uwaulize samaki wao wanaendeleaje.